Upepo Mtupu

Kaa lilikuwa jekundu kwenye ncha ya kijiti, na sisi wanaume wawili tulikuwa tumeliinamia kama watu wanaosubiri mgonjwa afumbue macho. Nje ya karakana, magari ya barabara ya Ggaba yalipita yakipiga honi. Mkono wangu wa kushoto ulishika mpira mwembamba wa plastiki, wa kulia ulishika kijiti, na mashine ilinguruma miguuni pangu vilevile ilivyonguruma wiki tisa kando ya kitanda cha mke wangu.

"Sogeza karibu," Olal alisema.

Nikasogeza.

Mimi ni Omolo, fundi wa kuchomelea, Kansanga. Nilitoka shule darasa la sita kule Ugenya, Kenya, nikaja Kampala nikiwa na miaka kumi na tisa kumfuata mjomba wangu aliyekuwa akitengeneza ekzosi na bodi za magari. Mjomba alishakufa, karakana ikabaki kwangu. Maneno ya vitabuni sina. Najua chuma, najua moto, na najua oksijeni, kwa sababu bila oksijeni moto wa gesi haukati kitu.

Mitungi yangu huletwa na lori, na wanaoileta si malaika. Mara mbili nimeletewa mtungi uliojazwa hewa ya kompresa, ile ile ya kutia kwenye matairi. Tangu hapo sipokei mtungi bila kuupima. Unawasha kijiti, unakizima kibaki na kaa, unakipeleka kwenye mdomo wa mpira. Kama ni oksijeni, kaa linaruka kuwa moto mweupe. Kama ni upepo mtupu, kaa linabaki kaa. Madereva wa lori wananiita Tomaso. "Tomaso, leta kidole uguse," wananiambia, na mimi nawaacha wacheke mpaka kijiti kiwake.

Miaka ishirini nimepima kila mtungi ulioingia kwenye uzio wangu.

Mke wangu Akoth alishona mapazia na aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu. Hakuwa na sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya kushikilia wengine wasianguke, na ungeisikia siku ambayo hakuja. Mwaka juzi alianza kukohoa, kisha akawa anasimama katikati ya ngazi tatu za mlangoni kwetu. Daktari alituonyesha picha ya mapafu yake. Yanakauka, alisema, yanakuwa magumu, na hayatalainika tena. Aende nyumbani, apewe oksijeni mchana na usiku. Kwa muda gani? Daktari alikunja ile picha, akasema tuombe Mungu.

Mashine mpya ilikuwa nje ya uwezo wetu. Mwanetu Fabiano, aliye Nairobi, ndiye aliyenionyesha kundi moja la mtandaoni ambamo watu wa Kampala wanauziana vitu vya nyumbani: vitanda, friji, magauni ya harusi. Humo nikaona mashine ya kutengeneza oksijeni kutokana na hewa ya chumbani. Mwenye kuuza aliitwa Rehemah, wa Port Bell, mjane. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa vivuko vinavyovusha mabehewa ya treni ziwani, akafa kwa ugonjwa wa kifua. Alinitumia video. Kwenye kichupa cha maji kilichounganishwa na mashine, mapovu yalipanda moja baada ya jingine, mazuri, bila kukoma. Nikaamini mapovu.

Nilimwona Rehemah siku moja tu, nilipokwenda kuichukua. Alikuwa ameifunika kwa kanga kama mtoto aliyelala. "Ndugu yangu," aliniambia, "moto usiusogeze karibu. Hata kibiriti. Muuguzi wa hospitali alinionya sana." Nikamwambia mama, mimi nafanya kazi na oksijeni, hilo nalijua. Na nililijua kweli. Siku hiyo hiyo nilihamishia jiko la makaa uani, na mshumaa wa sala wa Akoth nikauondoa chumbani. Hakuna cheche iliyopita mlango ule.

Nilitii hivyo. Nilikuwa mwangalifu hivyo.

Jioni moja ya wiki ya pili, kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi kanisani, na sauti zao zilitufikia juu ya mabati. Akoth alivua ule mpira puani.

"Baba Fabi, hii ni upepo tu."

"Ni oksijeni. Si unaona mapovu?"

"Naona. Lakini nimeimba miaka ishirini. Hewa ikiingia naijua."

"Unaogopa, ndiyo maana. Ukiogopa kifua kinabana. Tulia, vuta pole pole."

"Siogopi," alisema. "Nakwambia."

Nilikuwa nimechoka. Mikono ilinuka vyuma, na kulikuwa na basi la shule karakanani ambalo mwenyewe alilitaka kesho yake. Nikachukua ule mpira, nikaurudisha puani mwake, nikaushikilia hapo kwa mkono wangu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Akanitazama. Kisha akafumba macho na kuvuta kama nilivyomwambia.

Hakuuvua tena. Wiki saba zilizobaki alivuta kama nilivyomwambia, na alipokufa ulikuwa bado puani.

Miezi minne nilikaa na ile mashine kwenye kona. Kisha nikaitangaza kundini, kwa maneno yangu: Mashine ya oksijeni. Inafanya kazi vizuri. Ikishauzwa hairudishwi. Nikaiwasha, nikapiga video ya mapovu.

Aliyeinunua alikuwa Olal, askari wa polisi anayekaa kambini Naguru, mtu wa kaskazini. Alikuwa zamu siku zote, kwa hiyo hakuja kuiona. Alilipa kwa simu, akatuma bodaboda. "Mzee, mimi nakuamini," aliandika. "Ni ya mama yangu." Siku ya tatu akaandika tena: "Mzee, hii mashine iko na upepo tu. Hewa hakuna."

Nilisoma maneno yale nikiwa nimesimama chini ya lori. Nikaandika: "Hewa iko. Weka mkono utasikia."

Akanitumia sauti. Dada yake, Babra, ni nesi. Alikuwa amemwekea mama yao kile kifaa cha kubana kidole kinachoonyesha kama hewa inafika kwenye damu. Mashine ikiwashwa, namba haipandi. Ikizimwa, namba haishuki. Walimkimbiza mama hospitali jioni ile ile. "Sisi hatugombani na wewe," Olal alisema. "Tunataka tu urudishe."

Kifaa hicho sisi hatukuwa nacho. Tulikuwa na mapovu.

Ningeweza kusema hebu tuone. Sikusema. Nilimwambia dada yake hajui kazi. Nilimwambia wameiangusha njiani. Alipoendelea kunibembeleza, nikaingia kundini nikaweka jina lake mbele ya watu wote: huyu askari amemhudumia mama yake kwa mashine yangu, sasa anataka kuirudisha, jihadharini naye. Watu walifurahi sana. "Polisi amelipa kwa pesa yake? Hiyo pekee ni habari," mmoja aliandika. Mwingine: "Mkenya na polisi wa Uganda. Mungu atuletee karanga tukae tutazame." Nilijibu kila mmoja. Mashine ilifanya kazi. Mashine ilifanya kazi wiki tisa, niliandika, na ninaapa kwa kaburi.

Kaburi la nani, hakuna aliyeuliza.

Jumamosi Olal akaja. Nilitegemea sare na bunduki na wenzake wawili nyuma. Akaja na shati la maua na kofia ya kitambaa, mtu mrefu mwembamba, mashine imefungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira wa tairi. Vijana wangu wakaacha kazi kutazama.

"Sikuvaa nguo ya serikali," alisema. "Ili usiseme nimekuja kukutisha."

"Mimi sitishiki, afande."

"Nimeona mtandaoni." Alitabasamu kidogo, akaanza kufungua kamba. "Mama yangu amesema nikusalimie. Nikamwambia, yule mzee ananitukana. Akasema, basi msalimie mara mbili."

Akaiweka mashine chini taratibu, akatazama mitungi yangu iliyojipanga ukutani.

"Wewe unafanya na hii oksijeni kila siku," alisema. "Mimi ni mtu wa zamu, sijui. Mtungi ukiletwa, unajua namna gani kama ndani kuna kitu?"

"Unaweka kaa," nikasema.

Nilisema haraka, kama mtu anayetaja jina lake. Kisha nikasikia nilichosema. Kijana mmoja alikuwa tayari ameshachukua kijiti kutoka kwenye kopo, maana ndiyo kazi yetu, akanipa.

Nikaanza na mtungi, nikiufungua kidogo tu. Kaa likaruka moto mweupe, kijiti kikaungua mpaka karibu na vidole. Olal akarudi nyuma hatua moja. Kisha tukawasha mashine, tukaiacha robo saa ipate moto kama inavyotakiwa. Sikumtazama mtu. Nikawasha kijiti cha pili, nikakizima, nikauelekeza ule mpira.

Jivu likapeperuka. Kaa likabaki kaa.

Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu, ya nne, kwa vijiti vipya, mpaka kijana akaacha kunipa.

Olal hakusema, "Nilikwambia." Aliuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, hii uliinunua ya nini?"

"Mke wangu."

"Aliitumia?"

"Wiki tisa."

Akavua kofia. Akakaa juu ya gia boksi kuukuu lililojaa oili, na shati lake zuri. Daktari alikuwa ameshasema mapafu hayarudi. Hilo nalijua. Angekufa tu. Lakini aliniambia, na mimi nilimshikilia upepo puani.

Nilimrudishia Olal pesa yake siku hiyo, naye akaipokea bila kuitazama. Kundini nikaandika: Nilikosea. Mashine ilikuwa mbovu. Afande alisema kweli, na mimi nilimchafulia jina. Walinicheka siku mbili, wakahamia kwa mtu aliyeuza friji yenye panya.

Jumatatu niliifungua mashine. Ndani mna mikebe miwili yenye chembe ndogo, ngumu kama mchele, ndizo zinazochuja hewa. Hazikuwa tena chembe. Zilikuwa uji wa kijivu uliokauka, kama kabaidi, yale mawe ya kutoa gesi ya kuchomelea, yakishakwisha gesi. Hiyo haikuwa kazi ya wiki tisa. Ilikuwa kazi ya miaka. Ilikuwa imekufa hata kabla sijafika Port Bell.

Basi nikapata wa kumkasirikia. Nilimtafuta Rehemah kundini nimweke mbele ya watu kama nilivyomweka Olal; alikuwa ameshatoka. Nikafungua mazungumzo yetu ya zamani kwenye simu. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa juma la mazishi, na siku ile niliupita bila kuusoma vizuri.

"Pole sana ndugu yangu. Mshukuru Mungu kwamba alipata hewa mpaka mwisho. Mzee wangu pia. Aliniambia haimsaidii, lakini nilimbembeleza akaivaa. Nikikumbuka kwamba sikumwacha akose hewa, ndipo napata usingizi."

Niliandika: Mama, ile mashine uliyoniuzia. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Wanaonijua watakwambia sijawahi kumeza neno maishani mwangu.

Simu ikatetemeka mkononi. "Naona unaandika unaacha," Rehemah aliandika. "Kuna shida?"

"Hapana, mama. Nilitaka kukusalimia."

"Asante kwa kunikumbuka. Na mashine? Bado iko?"

Niliitazama. Ilikuwa kwenye sakafu mbele yangu, kifuniko pembeni, mikebe wazi.

"Nilimpa mama mmoja wa Naguru," niliandika. "Anapumua vizuri."

"Alhamdulillahi," alijibu.

Nikaweka simu juu ya benchi. Nikavaa miwani, nikafungua mtungi, nikawasha moto, nikaanza kuikata vipande, kuanzia pale ule mpira ulipokuwa ukiingia.