Kadi Inayojinyamazisha

Nikiufuta ule msalaba mwekundu juu ya alama ya maikrofoni, unarudi kabla sijamaliza aya moja. Nikisikiliza nilichorekodi, naisikia sauti yangu ikienda vizuri, kisha kimya, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno.

Kadi ya sauti yenyewe ilikuwa ya bei ya kutupa, kijidubwana cha plastiki kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta, na kompyuta yangu inatumia mfumo endeshi huria, usiouzwa wala kununuliwa.

"Cha bure na cha rahisi vikikutana, mdogo wangu, usitegemee ndoa," kaka yangu alinitania. Yeye ndiye fundi wa ukoo. Mashine ile aliiandaa kwa mikono yake, nami nilimwamini kama ninavyoyaamini macho yangu.

Taasisi inayorekodi vitabu vya wanafunzi wasioona ilitaka mfano wa sauti yangu kabla ya Ijumaa kwisha. Kazi ilikuwa mji mwingine. Tangu Mama apooze, mimi ndiye ninayemlisha, ninayemwosha na kumgeuza. Ningeipata kazi ile, zamu ingekuwa ya kaka na mkewe. Nilipomwambia, alinishika bega. "Nenda tu. Mama ni wetu sote." Machozi ya shukrani yalinilenga.

Alhamisi mchana nilipeleka shida yangu kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa mfumo ule. Mmoja anayejiita Babu Waya akajibu: "Kadi haijinyamazishi, binti. Kuna kinachoiamuru. Hebu tazama orodha ya kazi zinazojiendesha zenyewe."

Nikatazama. Palikuwa na amri moja tu: zima maikrofoni, kila dakika. Juu yake palikuwa na maelezo, kwa kuwa kaka haandiki amri bila maelezo. Hata mimi alinifundisha hivyo, ili ajaye kesho asihangaike. Safari hii alikuwa ameandika: "Kwa muda tu. Ondoa Jumamosi."

Jumamosi! Yaani angekuja, angegusagusa hapa na pale, sauti ingerudi, na mimi ningemshukuru. Hilo ndilo lililonikata maini. Angeniambia waziwazi nibaki, ningekasirika, ningelia, pengine ningebaki. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Wangu nilimkaribisha mwenyewe, nikampa na chai.

Niliifuta amri, nikaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza uliisha, msalaba haukurudi. Nilikuwa nafungua wa pili mlango uliposukumwa.

"Vipi, mdogo wangu, imekubali?" Kaka alisimama kizingitini, mfuko wa dawa za Mama mkononi. Skrini ilinielekea mimi, na ndani yake mstari wa kijani wa kurekodi uliruka kwa kila neno lake.

"Bado, kaka."

"Pole sana. Mimi nimejaribu kila kitu, Mungu shahidi yangu. Labda haikuwa riziki yako."

Sauti yake niliipenda tangu utotoni. Ilikuwa tulivu, sauti ya mtu mwenye huruma, na kadi ile ya bei ya kutupa iliipokea yote bila mkwaruzo.

"Hebu rudia hapo mwisho, kaka," nikamwambia. "Sikukusikia vizuri."