Pipa la Bluu

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tisa mwezi wa tatu, siku kampuni ilipoleta pipa la bluu kwenye banda letu la kuku.

Kabla ya hapo vifaranga dhaifu walikuwa kazi ya mke wangu. Kila asubuhi tulipita bandani tukiwaokota wenye miguu iliyopinda, wasioweza kufika kwenye maji. Alimshika mmoja mmoja, akamfunika macho kwa kiganja, akamvunja shingo mara moja. Kifaranga hakuwahi hata kulia. Mimi nilibeba ndoo tu.

Kisha kifua kikamuua mke wangu. Daktari alisema pumu. Vumbi la lile banda nalijua mimi. Wakubwa walituma shada la maua, na mahali pake hawakuweka mtu. Waliweka pipa.

"Tupa humo, funika, endelea," akasema msimamizi. Tunamwita Bwana Feni, maana akija bandani husimama chini ya feni na hasogei.

"Wako hai, bosi."

"Watakufa wenyewe. Au unataka niwaletee padri?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nilikuwa nasikiliza ndani ya pipa: kucha zinakwaruza, kama mvua inayoanza juu ya bati. Siku hiyohiyo nikamtia mmoja kwenye mfuko wa koti.

Nyumbani nina chumba kimoja na kitanda cha watu wawili, ninachokilalia upande mmoja. Kifaranga nilimwekea boksi chini ya kiti cha marehemu. Nikazima taa mapema. Bandani taa hazizimwi ili kuku wale bila kukoma, wanenepe. Huyu nilitaka angalau ajue giza. Akalala. Basi ikawa nikirudi namsimulia habari za kazini, naye anaitikia kooni, vilevile kama mke wangu alivyoitikia huku anawaza mambo yake.

Rafiki wa marehemu, mfagiaji wa banda la pili, alipita kunijulia hali.

"Shemeji! Umeoa kimyakimya? Na bibi harusi ana manyoya!"

"Huyu hanigombezi."

"Ngoja anenepe, utamjua."

Akanenepa kweli. Nilimpunguzia chakula, akalia kutwa. Kifua kilivimba kama mto wa kulalia, miguu ikabaki ileile. Mwisho akawa hasimami, anajikokota kwa mabawa mpaka kwenye sahani. Yule mfagiaji alipopita tena alimgeuza, tukaona ngozi ya kifua imechubuka, nyekundu.

"Mpe dawa basi," nikasema.

"Dawa ya nini? Haumwi huyu. Ndivyo walivyotengenezwa. Sasa hivi alitakiwa awe ameshaliwa, hakuna aliyepanga afike hapa." Akanitazama. "Mpumzishe, shemeji. Kama alivyofanya mwenzio."

Alipoondoka nilimpakata kuku kwenye kile kiti. Nikamfunika macho kwa kiganja. Moyo wake ukawa unapiga kwenye vidole vyangu, mbiombio. Mkono ukagoma. Nikimmaliza, nitarudi jioni nizungumze na nani?

Asubuhi nikaenda naye kazini ndani ya koti, nikamweka sakafuni mbele ya viatu vya Bwana Feni. Akajaribu kuinuka, akaangukia kifua. Akajaribu tena.

"Huyo ni kuku wa kampuni," akasema Bwana Feni. "Kumbe wewe mwizi! Pipa lile pale."

"Hapana, bosi. Pipani haendi."

Nikapiga magoti. Nikamfunika macho, nikakumbuka kiwiko cha mke wangu kilivyokaa, na mara hii mkono haukugoma. Hakulia. Feni ilikuwa inazunguka, wenzangu wameacha ndoo chini, na safari hii hakuna aliyecheka.

Walinifukuza kazi palepale. Sawa. Lakini kabla sijavua buti nilimuuliza Bwana Feni swali, akatazama simu yake. Nikaenda ofisini nikawauliza wakubwa zake, wakaniitia mlinzi. Sasa nakaa na boksi tupu chini ya kiti, na bado nauliza: kama mlijua tangu mwanzo kwamba miguu yake haitambeba, mlimleta duniani kwa ruhusa ya nani?