Kabaso Afungua Mdomo Kichakani

Chui yule alipigwa risasi ya tumbo jioni, na mgeni aliyempiga akarudi kambini kunywa supu, akiwa ametimiza wajibu wake kwa ulimwengu. Asubuhi ilibaki kazi ndogo tu ya kumfuata mnyama aliyejeruhiwa, mwenye kinyongo, ndani ya kichaka ambamo mtu akinyoosha mkono hauoni tena.

Kazi hiyo ilikuwa ya Kabaso. Katika kambi nzima, pale bondeni Luangwa, yeye ndiye aliyetangulia mbele kufuata njia ya damu. Kwa cheo hicho alipakuliwa nshima, ugali wa huko, kabla ya wenzake, alikaa mbele garini, na mama mkwe wake alikuwa ameanza kuitikia salamu zake. Hakuna alichokipenda zaidi duniani.

Ba Siame, mwindaji mkuu, aliwakusanya watu wake pembeni mwa kichaka akatoa sharti moja. Chui aliyeumia husikiliza. Atakayefungua mdomo humo ndani, awe wa mbele au wa nyuma, ataosha masufuria jikoni msimu mzima. Alisema hayo akimtazama Mzamane, mbeba mkuki wake, na Mzamane akatazama mbingu kama mtawa.

Mzamane alikuwa Mngoni, Kabaso Mbemba. Kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao haukuwa na likizo. Mtani ndiye anayekuzika. Hutangulia kulala kaburini mwako, na hatoki mpaka ndugu zako wamwondoe kwa tumbaku. Hawa wawili waliona ni uvivu kusubiri mtu afe. Mmoja akitamka "kaburi," mwenzake lazima aanguke chali pale pale alipo na kutulia mpaka apewe tumbaku. Mzamane alishalala sokoni, juu ya nyanya za watu. Kabaso alishalala kanisani kwenye foleni ya komunyo, na padri akamruka.

Kabaso alivua viatu ili akanyage kimya. Vilikuwa vipya. Mzamane akavivaa bila kuomba, akaeleza kwa huzuni kubwa kwamba mtani hurithi.

"Nenda salama, mla nyani," alisema. "Nimeshamwambia mkeo apike nshima ya watu wengi."

"Kale panya wako huko," Kabaso akamjibu, maana walikuwa bado nje.

Wakaingia. Kabaso mbele, ameinama, akionyesha kila tone la damu kwa ncha ya kijiti; nyuma yake Ba Siame na bunduki; nyuma kabisa Mzamane na mkuki. Damu ilikuwa nyeusi, kisha ikawa haba, kisha ikaanza kuzunguka. Chui aliyeumia akizunguka, ujue hakimbii tena. Amerudi kujilaza kando ya njia yake mwenyewe, awaache wa mbele wapite, amrukie wa nyuma.

Mzamane hakuwa ameongea. Kwa upande wa mdomo alikuwa mtiifu kabisa. Ila viatu vile, vipya na vikubwa kwake, vililia kwiki, kwiki, naye aliona ni heshima kuviliza kwa mahadhi ya maziko. Mabega ya Kabaso yakaanza kutetemeka kwa kicheko. Akang'ata kola ya shati. Akageuka amkemee kwa macho, na ndipo alipoliona sikio.

Sikio la duara, katikati ya majani makavu, upande wa kushoto. Yeye alikwisha kulipita. Ba Siame naye alikwisha kulipita. Sikio halikuwajali, lilikuwa likigeuka taratibu, kwiki kwa kwiki, kuelekea viatu.

Ba Siame alikuwa akitazama upande wa pili, na majani ya nyuma, penye mkia, yalishaanza kutikisika. Kabaso akakiona kiti cha mbele, akaiona nshima ya kwanza, akamwona mama mkwe. Vyote akaviaga.

"Kaburi," alisema.

Mzamane akaanguka chali. Hakufikiri, miaka ya utani ilifikiri kwa niaba yake. Chui akapita hewani pale kilipokuwa kifua chake, akatua upande wa pili, na Ba Siame alikuwa ameshageuka. Bunduki ililia mara moja, ikatosha.

Mzamane alibaki amelala, mikono kifuani, macho wazi. Hakusogea mpaka Kabaso alipomwekea tumbaku kiganjani.

Kambini Ba Siame alimshukuru Kabaso mbele ya watu wote, akamshika mkono, kisha kwa mkono huo huo akampeleka jikoni. Sharti likivunjwa leo kwa sababu nzuri, alisema, kesho watu watalivunja kwa sababu za kipumbavu. Kuanzia sasa Mzamane ndiye atakayetangulia. Na kwa kuwa mgeni amefurahi sana, kesho anataka kujaribu simba.

Mzamane aliacha kutafuna.

"Ba Siame," alisema, kwa unyenyekevu ambao kambi haijawahi kuuona, "hata mimi niliongea mle ndani."

"Sikukusikia."

"Niliongea sana, mkuu. Nilinong'ona. Kuna mahali niliimba ubeti mzima. Muulize Kabaso."

Watu wote wakamgeukia Kabaso, aliyekuwa ameshainamia sufuria ya kwanza. Akaisugua bila haraka, akaiinua kwenye mwanga, akaikagua kitako.

"Mimi sikusikia hata neno," alisema. "Huyu kijana ana nidhamu ya ajabu."