Sifongo wa Chumvi

Dorcas alifunua ndoo, akaona chembe nyeupe, akashika kiuno.

"Mzee Machibya! Umewatia chumvi?"

"Sasa?" Machibya, aliyevua samaki kwa miaka thelathini, alishangaa kwelikweli. "Mara mbili nimekuletea wabichi, mara mbili wameoza njiani. Sangara akitaka kuoza tunampiga chumvi. Hawa sifongo wako wana cheo gani?"

Sifongo hao ni viumbe wa ziwani, wameganda kwenye miamba kama ukoko kwenye sufuria. Ukimgusa, utajikuna mpaka jioni. Dorcas aliamini kiumbe anayejihami hivyo hakosi dawa mwilini. Mwaka mzima maabara yao ya Nyakato ilimcheka. Sasa soko huria limebisha hodi: kiwanda cha minofu kinataka kukodi chumba cha Dorcas kipimie samaki humo, na mkuu wa maabara, Daktari Chandulal, amempa mpaka Ijumaa aonyeshe matokeo au ahame. Leo Jumatano.

Muda wa ndoo nyingine haupo. Dorcas akatwanga, akachuja, akalowesha vijikaratasi, akavipanga kwenye visahani vilivyopandwa vijidudu vya vidonda.

Ijumaa asubuhi, kila kikaratasi kilizungukwa na duara safi. Vijidudu vyote hapo, kwisha habari yao!

Chandulal akachungulia, akacheka. "Hongera, Dorcas. Umevumbua chumvi."

Machibya, aliyekuja kuchukua ndoo yake, akainamisha kichwa.

"Na hiki, Daktari?" Dorcas akasogeza kisahani kingine. Hiki alikuwa amekitilia maji ya chumvi matupu, makali sawasawa na yale ya ndooni. Vijidudu vilikuwa vimepanda hadi juu ya vikaratasi, vimenona kama ng'ombe wa Magu wakati wa mvua.

Chandulal akaacha kucheka. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akaomba rula, akapima duara la sifongo.

"Milimita kumi na tisa," alinong'ona. "Mama yangu!"

"Bado si dawa," Dorcas alisema. "Kuna kazi ya miaka hapa."

"Basi umesimama unangoja nini?" Chandulal akanyanyua simu, akapiga kiwandani. "Chumba? Chumba gani? Aa, hicho kina mwenyewe, bwana. Tafuteni kingine."

Machibya akainua kichwa taratibu. "Kwa hiyo chumvi ilikolea?"

"Ilikolea, baba! Ilikolea!"

Dorcas akapiga kigelegele, maabara nzima ikaja mbio. Wale wale waliomcheka mwaka mzima, akawapanga foleni, wachungulie mmoja mmoja.