Mtafiti Huru wa Joto na Baridi

Naapa kwa meno yangu yote yaliyobaki kwamba haya ni kweli tupu, sijatia chumvi hata chembe. Anayebisha amuulize mke wangu, ingawa yeye hubisha hata nikisema kumekucha.

Nilikuwa juu ya ngazi katika studio ya redio, mkono umezama ndani ya kiyoyozi, mtangazaji alipoingia akihema. Nimestaafu ufundi wa majokofu, lakini watu wakizidiwa na joto hunikumbuka. Kipindi cha siku ile kilihusu mabadiliko ya tabianchi. Mtaalamu wa hali ya hewa, mama mmoja mwenye miwani, alikwisha kukaa. Mpinzani wake alikuwa ameghairi.

"Mzee, shuka. Nahitaji mtu wa kubisha."

"Kubisha nini?"

"Chochote atakachosema mama huyu. Hapa kila upande hupewa dakika sawa, ndiyo haki."

Mama akacheka kwa uchovu. "Ukitaka haki, waite na wenzangu wote wanaosema ninachosema. Watajaa humu, watajaa kwenye ngazi, watafika barabarani. Halafu yeye mpe kiti chake kimoja."

"Viti hatuna," mtangazaji akasema, akanivika vipokea sauti masikioni.

Ningekataa. Lakini mtu aliyezungumza na majokofu maisha yake yote, akipewa kipaza sauti, unadhani atarudi kwenye ngazi? Nikatambulishwa hewani kuwa "mtafiti huru wa masuala ya joto na baridi." Mimi sikuona uongo hapo.

Wakati huo binti yangu alikuwa akimbembeleza mumewe wahame bondeni kabla ya mvua, maana msimu uliopita maji yalifika kwenye kitanda cha watoto. Mimi mwenyewe nilimuunga mkono. Mkwe wangu yeye alikuwa akingoja, eti wataalamu wakubaliane kwanza. Yote hayo niliyajua. Taa nyekundu ya kuwa hewani ilipowaka, yakanitoka kichwani.

Mama alieleza taratibu: hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, ndiyo maana mvua siku hizi inamwagika kwa pamoja, na wanaopima joto na mvua, popote walipo, wanaona jambo lile lile. Nikangoja dakika zangu.

"Joto hupanda, joto hushuka," nikasema kwa sauti nzito ya kuazima. "Mimi nimewahi kutengeneza jokofu lililogandisha moto wa kiberiti. Nikauvunja ule moto, nikautia mfukoni. Dunia nzima itashindwaje na kajoto haka?"

"Kumbe wataalamu bado wanatofautiana," mtangazaji akawaambia wasikilizaji, kisha akapokea simu.

"Swali langu ni kwa mtafiti," ikasema sauti ya kike. "Nakaa bondeni. Mume wangu ameanza kufungua mizigo tuliyokwisha kuifunga. Anasema, si unasikia, hawajakubaliana. Wewe ungewalaza wajukuu wako hapa msimu huu?"

Mama wa hali ya hewa alinitazama tu. Mtangazaji akanizungushia mkono: sema, sema, redio haikai kimya.

"Nisingewalaza," nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe.

"Nilijua ni wewe, baba. Huo moto wa kiberiti umetusimulia tangu tunatambaa. Sasa mwambie mkweo, anasikiliza."

Nikamwambia. Nikasema mimi ni fundi majokofu, mawingu siyajui, na anayeyajua ni huyu mama hapa. Mtangazaji akaweka muziki upesi.

"Kesho uje ubebe kabati," binti akamalizia.

Kabati lenyewe nadhani lilijengwa kwanza, nyumba ikafuata. Tulilipandisha mlimani mimi na mkwe wangu, ambaye siku hiyo alikuwa mpole kupita kiasi. Niliporudi bondeni, mama jirani yao alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Mnakimbilia wapi? Jana redioni kuna mtafiti kasema hakuna shida yoyote."

"Hukusikiliza mpaka mwisho?"

"Nilizima. Nilisikia niliyotaka, nikaenda zangu kulala."

"Yule ni mwongo, mama. Namfahamu vizuri."

Aliinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza kitu kwa mara ya pili. Akaingia ndani. Akatoka na godoro, akanitwika kichwani.

"Tangulia, mtafiti."