Kipilefti cha Chai

Jana usiku, nimelala upande wa ukutani kama kawaida yangu, niliota niko ofisini na ramani ya kata ya Msufini imetandikwa mezani. Mimi ni afisa mipango miji wa halmashauri. Ramani ile nilikuwa nimekwisha kuisaini, ikiwa safi kabisa: nyumba zimeachwa mahali pake, kisima kimeachwa, njia za miguu zimeachwa.

Mkurugenzi anaingia na kikombe cha chai ya tangawizi. Anakitua juu ya Msufini. Anapokiinua, duara la kahawia limebaki.

"Hii ni nini, Bi. Atupele?" ananiuliza.

"Ni chai, Mkurugenzi."

"Sijakuuliza kinywaji. Nakuuliza matumizi ya ardhi. Kila kilichomo kwenye ramani kina matumizi."

Namwambia tena kwamba ni chai. Anainama, analitazama lile duara kwa makini, kisha anatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeajiri mjinga.

"Hiki ni kipilefti," anasema.

Ramani inakohoa kidogo. "Nilikuwa nakisubiri," inasema. "Wenzangu wote wanacho."

Nataka kubisha, lakini sakafu ya ofisi imekwisha kuwa udongo mwekundu, nami nimesimama katikati ya Msufini na viatu vyangu vya kazini. Kipilefti kimejengwa tayari, na magari yanakizunguka. Lami yake ni ya kahawia na inanukia tangawizi. Greda linapita taratibu, linakula ukuta wa jiko la mtu.

"Simama," naliambia. "Hapo pana watu."

"Samahani, dada," linajibu kwa adabu. "Mimi nasoma ramani tu. Watu hawakuchorwa."

Mwenye jiko ni Mama Sikudhani, mjane anayeuza maandazi. Ninamfahamu, maana nyumba yake niliipima mwenyewe. Amekaa kwenye kigoda, sufuria iko jikoni, na magari yanapita kati yake na sufuria. Kila akitaka kugeuza maandazi anasubiri gari lipite.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Angalia kushoto, kuna lori."

Nasogea. Lori linapita, kisha gari la wagonjwa, kisha lori lile lile tena. Mama Sikudhani ananieleza kwamba hakuna barabara inayoingia kwenye kipilefti wala inayotoka. Magari yamo humo tu. Ndani ya gari la wagonjwa kuna mama aliyekuwa anawahi kujifungua. Alijifungulia mle mle, na mtoto sasa anasoma, mwalimu hulidandia gari kila asubuhi.

"Mbona dereva hatoki?" nauliza.

"Atokee wapi? Chai haina njia ya kutokea."

Kisima kiko katikati ya duara. Wanawake wamesimama ukingoni na ndoo, wanakitazama kama watu wanaotazama ng'ambo ya mto. Mmoja wao ananiuliza nani aliwauliza kabla ya kuwafanyia hivi. Najisikia nikijibu kwa sauti ya ofisini: "Wananchi walishirikishwa. Mkutano ulifanyika."

"Ni kweli," linasema rundo la viti vya plastiki lililo kando. "Tulikuwepo sisi. Tulinyamaza, ikaandikwa kuwa tumekubali."

Hapo ndipo hasira inanipanda, hasira ya kumkaba mtu. Nawaambia wale akina mama kwamba mimi sikuchora upuuzi huu. Nilisaini kabla ya chai.

Mama Sikudhani anageuza andazi moja. "Na baada ya chai ulifanya nini?"

Anaonyesha juu kwa kijiko chake. Natazama. Angani, kutoka upande mmoja wa Msufini hadi mwingine, imetanda saini yangu kwa wino wa bluu, na mkia wa herufi ya mwisho umeziba jua. Nguo zilizoanikwa chini yake zimeota ukungu.

Nageuka, na Mkurugenzi yuko pale pale na kikombe chake.

"Lifute hilo duara," namwambia.

"Kufuta chai kunahitaji kikao," anasema. "Na kikao kinahitaji chai."

"Watu hawafiki kisimani, Mkurugenzi."

"Waandike barua."

"Wewe ndiye uliyemwaga."

"Mimi sikumwaga. Mimi nilitua. Ramani imeidhinishwa, Bi. Atupele, na saini ni ya kwako."

Napanda juu ya meza, ambayo imekuwa mlima, mkononi nina kifutio cha shuleni, chenye upande mwekundu na upande wa bluu.

"Nikueleze mapema," kinasema kifutio. "Wekundu wangu ni wa penseli, bluu yangu ni ya wino. Chai siiwezi."

"Basi nifutie wino."

"Nitachana karatasi."

"Chana."

Nasugua mbingu. Nasugua kwa mikono miwili, huku nikisema maneno ambayo mama yangu hajawahi kuyasikia kinywani mwangu. Jina langu linakwaruka, linafifia, kisha karatasi inachanika na jua linaporomoka kupitia tundu lile, lote kwa mkupuo, juu ya paa za Msufini.

Greda linasimama. "Ramani haina saini," linasema. "Siwezi kuendelea." Linazima injini na kukunja mikono.

Malori yanasimama. Mlango wa gari la wagonjwa unafunguka. Mama Sikudhani anachukua ndoo yake, anavuka lami ya kahawia bila kutazama kushoto wala kulia, na nasikia mnyororo wa kisima ukiteremka.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Mume wangu, Lusajo, alikuwa anafunga chandarua, akaniuliza nilikuwa napigana na nani. Nikaitazama mikono yangu. Chini ya kucha, kila kidole, mlijaa chembe za bluu, laini, za kuviringika. Nyumbani kwetu hakuna kifutio.

Lusajo akaniletea maji ya kunawa. Nikamwambia ayaweke tu. Nitanawa nikitoka kwa Mkurugenzi.