Masaa Matatu ya Naliaka

Sifuna aliandika programu za kompyuta katika ofisi ndogo pale Ruiru. Mkewe, Naliaka, alishona mashati katika kiwanda kimoja cha Thika, na kiwanda hicho kilikuwa kimeiomba ofisi ya Sifuna ripoti mpya: nani anaingia saa ngapi, nani anatoka saa ngapi. Kila mfanyakazi huweka kidole kwenye mashine ya getini, na saa huhifadhiwa kwenye databesi.

Ripoti ilipofunguka mara ya kwanza, Ijumaa mchana, Sifuna alitafuta jina moja tu. Naliaka, jana: kutoka, 14:04. Saa nane mchana! Na nyumbani alifika saa kumi na mbili na nusu, akilalamika mgongo.

Akatafuta jina la pili. Odongo, supavaiza, yule ambaye Naliaka humtaja huku akicheka. Kutoka, 14:06. Sifuna akarudi nyuma wiki nzima. Kila siku wawili hao walifuatana. Chai ikapoa mezani hajaigusa.

Jioni hakungoja mkewe avue viatu.

"Mama Becky, ukitoka kazini saa nane, huwa mnaenda wapi na Odongo?"

"Saa nane gani?"

Akamgeuzia laptopu. Naliaka akasoma polepole, kisha akaweka kidole kwenye skrini.

"Na hapa kuingia wameandika 04:41. Saa kumi na kitu, alfajiri. Jana saa hiyo nilikuwa wapi, Baba Becky?"

Saa hiyo Naliaka alikuwa kitandani, kando ya Sifuna, amevuta blanketi lote. Databesi ilihifadhi saa za kimataifa, zilizo nyuma ya Kenya kwa masaa matatu. Programu inapozisoma lazima iongeze matatu hayo. Jambo hilo alilijua tangu chuoni, na alisahau kuliandika katika programu hii.

"Ni kosa langu. Programu yangu..."

"Wengine walitoka saa ngapi?"

Akashuka kwenye orodha. Watu mia nne, wote saa nane.

"Kwa hivyo hata hukuwaangalia," Naliaka akasema, akaingia jikoni.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Jumatatu kiwanda kilipokea ripoti safi. Naliaka akaendelea kupika, kusalimu na kuulizia kazi ya mumewe, ila jina la Odongo halikutoka tena kinywani mwake. Na Sifuna, mezani, alijikuta akilisubiri, akijiuliza kwa nini halisemwi.